Saa Tatu na Saa Tisa

Ilianza kama mtu anayenong'ona kanisani:
tak, kwenye tuta la Donholm,
tak, tena, nikiingia Barabara ya Jogoo
na majora ya vitambaa vya sare kiti cha nyuma.
Nikapandisha redio.

Kisha usukani ukaanza kucheza.
Si sana. Upana wa kidole.
Nageuza, gari halijasikia;
nageuza tena, ndipo linaitika,
kama mtoto aliyeitwa akajifanya kiziwi.

Likawa linavuta kushoto,
kuelekea mtaro, kuelekea jiko la muuza mahindi.
Nikajifunza kuvuta kulia.
Mwezi. Miezi miwili. Mitano.
Mkono ukazoea,
na mkono ukizoea haumwambii mwenyewe.

Najua methali ya ufa na ukuta.
Nimeitarizi kwa uzi mwekundu
kwenye vitambaa vya makochi ya nusu ya Umoja.
Ya tairodi hakuna aliyenitarizia.

Barabara ya Kirinyaga, Jumanne, jua la saa nne.
Fundi Mutinda akapiga magoti mbele ya tairi
kama mtu aliyeangusha sindano,
akapitisha kiganja ukingo wa ndani:
umelika hadi nyuzi.
"Mama Nekesa, hili limekusemesha tangu lini?"
Wiki hii, nikasema.
Akalitazama tairi. Tairi halikunitetea.

Jeki ikapanda, gurudumu likaning'inia.
"Shika saa tatu na saa tisa,"
akamwambia Akeyo, mwanagenzi wake,
binti mwembamba, spana mfuko wa nyuma.
Nikauliza: ya Kiswahili au ya Kizungu?
Akeyo akacheka hadi akaegemea bodi.
"Mama, ni pale pale!
Tatu yao tisa yetu, tisa yao tatu yetu."
Akatingisha.

Mutinda chini ya gari, vidole juu ya kiungo,
macho amefumba.
"Lete mkono wako."
Nikalala juu ya katoni na gauni langu la kuendea mjini,
nikaweka vidole alipoweka vyake,
nikakisikia:
kifungo kinachoning'inia kwa uzi mmoja.
Hicho nakijua. Nimekishona mara elfu
kwenye makoti ya watu wanaosema bado kinashika.

Kimpira kilipasuka, grisi ikatoka, vumbi likaingia,
vumbi likala chuma usiku na mchana
bila kelele ya kutosha.
"Ukingoja kitachomoka," akasema.
"Gurudumu hili litaelekea Thika, lile Mombasa."
Hakusema mimi nitaelekea wapi.

Na ya kulia, si bado nzima?
"Ya kulia ni mdogo wake huyu."
Ya mtumba elfu moja, mpya elfu mbili na mia nane.
Mimi ninayegombana na mitumba kila Januari,
mzazi akinionyesha sweta la shilingi hamsini!
Nikalipia mpya, mbili. Nikadai risiti.
Nikavuka barabara kunyooshewa magurudumu kwa mashine.

Jioni gari likanyooka kama mstari wa chaki,
nami nikaenda mrama.
Mikono bado ilivuta kulia,
inapigana na kosa lisilokuwepo.
Mara mbili nikakanyaga mstari wa katikati;
mtu akanipigia honi, akanitukania mama.
Nikapunguza mwendo. Nikashusha mabega.
Ilinichukua hadi Ijumaa
kuliamini.

Kile kiungo kikuukuu nilikiomba.
Kiko mezani, juu ya karatasi za kukatia,
kizito, kinazuia kitambaa kisisogee.
Nikikigusa kichwa
bado kinacheza.