Gambuti Namba Tisa

Msibani waliniambia: jikaze.
Nikajikaza,
hadi shingo ikakataa kugeuka.

Alhamisi, chumba cha nyuma cha zahanati, Tukuyu,
mvua inapiga bati hata hamsikilizani.
Sekela, mshauri, hakunipa pole.
Aliuliza: "Alipenda kula nini?"

Kande, nikasema. Kande za jana,
zikipashwa mpaka zing'ang'anie sufuria.
Na hapo ndipo nikalia,
mwezi wa saba tangu tumzike,
nikalilia ukoko.

Gambuti zake zilikuwa bado mlangoni,
zimeelekea nje, na tope lake.
Shemeji: zigawe. Mama: zifiche.
Sekela: "Wewe unavaa namba ngapi?"
Tano. Zake tisa.

Nimezijaza magazeti, nachumia chai.
Zinapwaya. Kila hatua, *pwa*,
kama yeye akirudi usiku
akidhani nimelala.

Juzi mteremkoni nikateleza,
kikapu huko, mimi huku,
nikacheka, nikamwita kwa sauti:
Ambokile, limguu lako hili!

Wachumaji wakanyamaza.
Mikono ikasimama juu ya majani.
Kisha Ikupa, mstari wa pili,
bila kuinua uso,
akamtaja wa kwake.