Ilibaki Moja

Kwenye fomu ya chuo waliuliza:
kwa nini udaktari?
Nikaandika "kuihudumia jamii",
maneno mawili, safi kama koti lisilowahi kuvaliwa,
nikaweka nukta.

Sikuandika kope.

Sikuandika Mpwayungu, saa nne asubuhi,
bibi Sechelela kajinyoosha kando ya ukuta wa tembe,
kichwa kakilaza mapajani mwangu,
nami nina miaka tisa na kibanio
alichokikunja fundi baiskeli kwa bati la kopo.
"Jua limetosha, mjukuu wangu. Anza."
Kope zake zilikuwa zimegeukia ndani,
kila akipepesa zinaikwaruza mboni,
ufagio wa chelewa juu ya kidonda.
Nang'oa. Anakaza meno. Nang'oa.
Kope kumi, konzi moja ya karanga:
ndiyo yalikuwa mapatano yetu.

Siku moja wenzangu wakapita na madumu.
Kisima kiko mbali, michezo iko njiani.
Nikasema: zimeisha, bibi.

Ilibaki moja.
Nyeupe, nyembamba, jua likiipiga inapotea,
ila mimi niliiona.
Akanishukuru. Akanijazia konzi.

Mhadhiri anafundisha: ugonjwa huu
kinga yake ni uso safi.
Tunaandika, uso safi.
Mkono wangu unasita. Ndoo moja,
watu saba, na ndama,
na uji haujabandikwa:
uso wa nani utangulie?
Swali hilo halimo kwenye mtihani.
Nimelichora pembeni mwa daftari
na limekaa hapo tangu mwaka wa pili.

Wenzangu wanazungumzia Dar, moyo, ubongo,
kliniki zenye milango ya vioo. Sina ugomvi nao.
Kila mtu huenda anakodaiwa.

Leo tuko Chamwino, kambi ya macho,
darasa la kuazima, vumbi la chaki na harufu ya spiriti.
Mama mmoja kalala juu ya madawati mawili,
mikono kifuani, kanga kaifumbata.
Nina tochi, nina miwani ya kukuza,
kibanio changu ni cha chuma kisichoshika kutu.
Msimamizi anatazama foleni, anatazama saa:
"Vipi, zimeisha?"

Zimeisha, nadhani.
Nje upepo unatikisa bati.

"Bado," nasema.
"Samahani mama, geukia dirishani kidogo."