Baki

Buza, saa nne. Redio ya mlinzi inabishana:
nyongeza ya walimu itoke fungu gani?
Kwenye soda, kasema mmoja. Kwenye miamala.
Kwenye bia. Bia yangu muiache! akaruka mwingine.

Nafuta ubao kwa kiganja,
watoto mia na kumi, madawati thelathini,
kisha naandika: gawanya.

Mama Chausiku, wakala pale Sigara,
ndiye hunikopesha nauli tarehe zikiwa mbaya.
Tozo ikipanda, nitalipwa kwa pesa zake
nimlipe deni lake.

"Haigawanyiki, mwalimu," Chausiku kanyoosha kidole.
"Inabaki moja."

Chaki imekwisha, jino la utoto mkononi.
"Basi andika baki," nikamwambia.

Getini redio imeshahamia kwenye mpira.