Swali la Kumi na Tisa

Pesa za mabango ziliisha Jumanne.
Mengine Mwalimu Kwamboka akayachapa
nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani,
akayabandika kwa uji wa unga, Kariobangi hadi Huruma:
NIPENI SHULE ZA UMMA NIZIONGOZE.

Mpinzani ana lori, spika nane.

Alasiri, jua likipenya karatasi,
swali lajitokeza kinyumenyume kwenye paji lake:
*Watoto tisini na saba, madawati ishirini,
kila dawati watatu.
Wangapi watakaa chini?*

Mtoto, sare imefumuka kwapani,
akalisoma, akahesabu vidole, akaazima vya mwenzake,
akaandika shavuni mwa mgombea:
*37, pamoja na mimi.*

Magharibi, Mwalimu akapita na ndoo yake ya uji.
Akatoa kalamu nyekundu.
Akatia vema.