Nukta ya Saba

Konstebo amebandika ramani ukutani mwa maktaba.
Pickering yetu yote imo, upande huu wa reli:
bwawa la bata, shule, duka la donati,
na nukta nyekundu kumi na moja za Februari.
"Hali si mbaya," asema, "ukihesabu kwa kila wakazi elfu,"
na hiyo elfu inaingia chumbani, inakaa nasi,
haina uso, haina koti,
haina hata kikombe cha kahawa.

Magari manne. Vifurushi vitatu vilivyookotwa milangoni.
Baiskeli ya mtoto. Dirisha la kanisa.
Walevi wawili waliozichapa nyuma ya donati.
Na hii hapa, ya saba, Barabara ya Fenwood:
mtu wa kutiliwa shaka, saa kumi na moja alfajiri.

Nimekaa kiti cha nyuma kabisa, penye vitabu vya watoto,
naitazama nukta yangu.

Maana ni mimi yule.
Nilikuwa natoka zamu ya usiku, kugeuza wazee vitandani,
ndani ya koti la marehemu mume wangu,
koti linalonivaa kuliko ninavyolivaa.
Ufunguo ukanidondoka.
Umewahi kutafuta ufunguo thelujini?
Hutoboa kishimo kidogo, safi,
kisha basi, jiwe katika uji.
Nikapiga magoti mbele ya mlango wangu mwenyewe
nikachimba kwa vidole, bismillahi, bismillahi,
mpaka taa zikaja, buluu, nyekundu, buluu,
zikaipamba theluji kama kuna harusi.

Taarifa ilisema: mwanamume, futi sita, kofia hadi machoni.
Mimi ni futi tano na inchi mbili,
tena nikiwa nimevaa viatu vya baridi.
Hofu ni fundi cherehani mkarimu,
hukukatia nguo bila kukupima.

"Jina?"
"Rukia Shekalaghe."
Akaniomba nilitaje herufi moja moja.
Tulipofika kwenye g kalamu yake ilikuwa imeganda.
Kijana mpole, simsemi vibaya.
Alimulika tochi, ufunguo ukameta,
akasema samahani, mama,
kisha akarudi garini kuniandika.

"Na mwaka jana zilikuwa ngapi?"
Anayeuliza ni Bi Lorna Kowalchuk, mstari wa mbele,
jirani yangu wa ukuta kwa ukuta,
mwenye kamera tatu na taa inayowaka
hata paka akipiga chafya.
"Tisa."
Watu wakaguna.

Ni yeye aliyepiga simu. Anajua kwamba najua.
Jumapili moja alikuja uzioni na bakuli la supu nyekundu,
nikadhani ni ya kuomba radhi, labda ilikuwa hivyo,
lakini kilichomtoka ni kingine:
pete ya mama yake haipo,
bangili mbili hazipo,
bahasha ya pesa za kutengenezea tanuri la nyumba, haipo.
Kitasa kizima. Dirisha zima.
Kamera hazikushtuka, zinamjua;
Brent, mjukuu, ana ufunguo wake wa halali
na funda la maziwa hunywa palepale, kwenye chupa.
"Usimwambie mtu," akasema.
Nilikuwa na methali ulimini, ile ya kikulacho.
Nikaimeza pamoja na supu.

Kwa hiyo ramanini nyumba yake ni nyeupe, salama salimini,
na kwangu, ambako hakuna kilichopotea
ila dakika kumi na ganzi ya vidole,
pamewiva kama jipu.

"Maswali mengine?"
Nainua mkono.
Shingo ya Bi Lorna inakakamaa,
kidole gumba kinasugua mahali palipokuwa na pete.

Nauliza taa ya pale konani itatengenezwa lini,
tangu Desemba imezimika,
na wengine tunarudi kazini gizani.

Swali zuri, asema konstebo, ataliandika.
Anafungua daftari.
Ananiomba jina.