Kauli ya Kutendwa

Ibri, saa nane mchana. Huko nje usukani wa gari
haushikiki bila kitambaa.
Humu kiyoyozi kinanguruma kama shemeji mwenye madai,
na wanafunzi wangu thelathini na mmoja,
wavulana mbele, wasichana nyuma na simu zao mapajani,
wanasubiri Kiingereza cha Kati.

Kati ya nini na nini, sijawahi kuambiwa.
Wanajua kuomba maji, hawajui kuomba radhi.
Wanajua kusema napenda, hawajui kusema ilinibidi.

Kitabu kimechapishwa kwenye baridi.
Mada zake za jamii: mbwa wa jirani, kodi ya pango,
kijana aliyeacha kula nyama.
Nimekifunga. Tunaleta zetu.
Wiki ya mahari Muhannadi alipanda juu ya kiti,
akahesabu kwa vidole bei ya ukumbi, ya dhahabu, ya ngamia wa kuchinjwa,
akakosea nyakati za vitenzi vyote
na hakuna aliyemsahihisha, hata mimi.
Wiki ya ajira Ghaliya alitusomea barua kumi na nne za dada yake, mhandisi,
zote zinaanza na Tunasikitika.

Leo: wafanyakazi wa nyumbani.
Sarufi ya leo: kauli ya kutendwa.
Sikuzikutanisha kwa ujanja. Ratiba ilipangwa.
Mnaona? Ilipangwa.

Nikaandika ubaoni: Chai ilipikwa. Sakafu ilipigwa deki.
Nikaeleza: hapa mtenda tunaweza kumwacha,
sentensi itasimama vizuri tu bila yeye.
Nilipogeuka ndipo nikasikia nilichosema.
Methali ya kwetu inamjua mtenda akitendewa;
juu ya mtenda asiyetajwa, haina neno.

Yakdhani huwa hasemi. Jina lake kwa Kiarabu ni aliye macho,
naye husinzia toka mahudhurio mpaka kengele.
Leo kajaza ukurasa, herufi zimeinama
kama zinataka kurudi zilikotoka:

Nilioshwa. Nililishwa. Nilibebwa mgongoni.
Nilifundishwa kuhesabu mpaka kumi kwa lugha nyingine.
Simu yake iliwekwa juu ya friji.
Pasipoti yake ilifungiwa kabatini.
Miaka tisa ilipita.

Sarufi safi. Nikatia wino mwekundu pembeni, kwa mazoea,
swali ninalowauliza wote: na nani?

Akarudi mezani kwangu wenzake walipotoka.
Kwenye mistari ya juu alikuwa ameongeza: na Sikudhani.
Hilo jina lina maana, mwalimu? Alitoka kwenu.
Kwetu ni Pangani, yeye Muheza,
lakini ukitazama kutoka Ibri ni mlango na kizingiti.
Nikamwambia: si jina tu, ni kitenzi.
Nafsi ya kwanza, wakati uliopita, hali ya kukanusha.
Labda mama yake hakutarajia mtoto. Labda hakutarajia kupona.
Akaomba nilitafsiri. Nikalitafsiri.
Likawa maneno matatu, hayana mtu ndani.

Akalijaribu kwa Kiswahili, taratibu,
na ikamtoka lafudhi ya Muheza, ile inayoegemea mwisho wa neno,
lafudhi niliyoiacha mimi uwanja wa ndege
ili niajiriwe.

Kisha akashika kalamu, akashuka mpaka mstari wa kabati.
Akaandika na. Akasita.
Kiyoyozi kikazima, kama kinavyozima kila siku,
tukasikia ndoo ikiburutwa ukumbini.
Akamalizia: baba yangu.

Kihusishi sahihi. Nomino sahihi. Kimilikishi sahihi.
Nikampa kumi juu ya kumi.

Mstari wa mwisho nao alitaka kuutafutia mtenda.
Nikamwambia hapo hapana, acha,
miaka hupita yenyewe.
Akanitazama.
Alikuwa macho.