Ukurasa Gani?

Onerva alikuja na kitabu kilichojaa vikaratasi vya manjano,
akaketi jikoni kwa Sirkku, huku theluji ya Oulu
ikipanda dirisha.
Dadu ikaanguka chini ya jiko.
"Irushwe tena," tukasema sote.
"Ukurasa gani?"

Hakuna ukurasa. Ya sakafuni haihesabiwi
tangu paka alipoigeuza moja kwa kucha
na joka likafa kwa bahati ya paka.

Kitabu kinasema: mruka korongo atupe dadu,
ajumlishe nguvu zake, zikipungua aanguke.
Hilo twalijua. Hilo twalivunja kila Alhamisi:
kinachoanguka ni kiatu,
mwenyewe tunamvusha.

Onerva akapekua, akaandika kwa penseli.
Zamu ikamfikia Pirkka,
shujaa wake kasimama mbele ya malkia wa barafu,
na ulimi wa Pirkka, kama kawaida yake, ukakwama mlangoni.
"N-n-na..."

Jokofu linanguruma. Kahawa inapoa.
Hatumalizii mtu sentensi.
Sirkku, ambaye ndiye malkia, na majeshi yake, na upepo,
anangoja.
Hata mshale ulioachiwa zamu iliyopita
unangoja hewani.

Onerva akafungua mdomo amsaidie.
Akatutazama. Akaufunga.
Penseli haikuandika kitu.

"Na-nakuomba njia," akasema Pirkka.

Ndipo mshale ukashuka. Wapi? Tukatupa dadu;
ikabingirika, ikapita kopo la sukari, ikaelekea ukingo wa meza,
na Onerva akaikinga
kwa kitabu.